Ree Mbili Mbele ya Mzee Swai

1.

KLABU YA KARATA JAKARANDA, ARUSHA
TANGAZO KWA WANACHAMA WOTE

Uongozi unasikitika kutangaza kifo cha mwanachama mwenzetu, Bw. Ombeni Gadieli Swai, kilichotokana na ajali ya pikipiki. Rambirambi zinapokelewa kaunta. Wanachama watakaohudhuria mazishi wanaombwa kuvaa mavazi ya heshima.

Aidha, kiti cha nne, meza ya pili, kipo wazi kuanzia Jumatatu.


2.

*Zamda, mgawaji wa karata, meza ya pili:*

Jumatatu hakukaa mtu. Walikuwa wanakizunguka kile kiti kama kimemwagikiwa maji.

Kisha siku moja mchana akaingia mzee mwenye suti ya kanisani, tai imekazwa mpaka juu. Akaniuliza Ombeni alikuwa anakaa wapi. Nikamwonyesha. Akakaa, akaweka viganja viwili juu ya kitambaa cha meza, akavitazama.

Nilimwuliza kama anaujua mchezo. Akasema haujui. Akasema msibani rafiki mmoja wa mwanawe alimsimulia kuwa Ombeni hakuwa anatupa karata hata ziwe mbaya namna gani, na hakuwa anaogopa dau la mtu. Basi yeye amekuja kufanya hayo mawili.

"Wewe endelea tu, mama," akaniambia. "Nitafanya kama yeye."

Na akafanya. Siku ile alipoteza kila alichokuja nacho. Aliposimama alitushukuru wote, mmoja mmoja, kwa mkono.


3.

*Zablon:*

Mimi ni Zablon Nnko. Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo, mpaka kiwanda kilipopunguza watu na mimi nikapunguzwa. Kiinua mgongo kilikwenda kwenye ada ya binti yetu Upendo na kwenye paa la nyumba. Kilichobaki nikaingia nacho Jakaranda, kwa sababu karata nilizijua tangu enzi za zamu kiwandani, na kwa sababu nilikuwa nimefika umri ambao mwajiri anakutazama nywele kabla hujafungua mdomo.

Nilicheza kama mtu anayekwenda kazini. Naingia baada ya chakula cha mchana, natoka jua halijazama. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Tano zinafunuliwa katikati ya meza, za wote. Zinafunuliwa kwa awamu, na kila awamu watu wanaweka dau au wanatupa karata zao. Atakayebaki na mkono bora, yaani karata zinazowashinda wengine, anabeba dau zote.

Kazi yangu ilikuwa kutupa. Natupa, natupa, natupa, mpaka nipate kitu cha maana. Halafu namngoja asiyejua kutupa.

Asiyejua kutupa alikuwa Ombeni.

Aliweka dau kwa mbili na saba, karata mbovu kuliko zote. Aliweka dau kwa uvivu tu, akicheka, huku anaagizia meza nzima soda. Mchele wa nyumbani kwangu ulitoka kwa Ombeni. Hakuna aliyemwibia. Pesa alikuwa akizisukuma mwenyewe, kwa mikono yake, na mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili.

Halafu akafa.

Halafu akaja baba yake.


4.

Sasa nisikilize, wewe unayesoma, maana huenda siku moja ukakaa mbele ya watu wa namna hii.

Ukipewa ree mbili usifurahi. Ree ndiyo karata kubwa kuliko zote, na hakuna jozi iliyo juu ya hiyo. Lakini ni jozi tu. Ni kubwa sasa hivi, kabla meza haijafunuliwa. Kila karata inayofunuliwa inaizeesha.

Weka dau kubwa mapema, ili wabaki wachache. Mbele ya mtu mmoja, ree mbili ni ukuta. Mbele ya wawili ni pazia.

Usimtishe asiyetupa. Anayetishika ni yule mwenye kitu anachokiogopa.

Usisome uso wake. Mtu asiyejua amepewa nini uso wake hauna habari.

Meza ikichafuka, tupa. Nasema tena, tupa, hata kama ni ree, kunywa maji, ngoja mchezo mwingine. Wenye mikono mibovu hawafilisiki haraka. Wanaofilisika ni wenye mikono mizuri, kwa sababu wao wana sababu ya kubaki.

Na usimzoee mtu unayemla.


5.

*Yaliyosikika meza ya pili, msimu wa mvua:*

— Zamu yako, mzee.

— Huyu bwana ameweka ngapi?

— Zile pale.

— Basi na mimi zile, na nyingine kama zile.

— Mzee, hujaangalia karata zako.

— Nikiziangalia zitaniambia nini?


6.

*Haika, mke wa Zablon:*

Mimi ni muuguzi, wodi ya majeruhi. Yule kijana Ombeni aliletwa kwetu asubuhi na hakufika jioni. Baba yake alikuja mchana amebeba shati lililopigwa pasi, suruali na viatu. Alikuwa ameambiwa kwa simu kuwa mwanawe ameanguka na pikipiki, akadhani anakuja kumchukua. Nilitoka kumpokea mimi. Nilimwambia akae. Hakukaa. Nilipomaliza kusema niliyotakiwa kusema, aliniuliza shati aliweke wapi.

Habari za klabu nilikuwa nazijua kijuujuu. Nilijua mume wangu anacheza kwa akili na haleti ulevi nyumbani, hilo lilinitosha. Jioni moja alikuwa akinisimulia, nami nachambua mchele, kwamba wamepata mzee mmoja wa ajabu, anavaa suti, anapoteza bila hasira. Nikauliza anaitwa nani. Akasema Swai.

Nikauacha mchele.

Nilimwuliza kama ni baba wa yule marehemu. Akasema ndiye. Nikamwuliza kama marehemu naye alikuwa akipoteza kwenye meza hiyohiyo, mbele ya watu haohao. Akasema karata ndivyo zilivyo. Nikasema polepole, maana sikutaka majirani wasikie:

"Baba Upendo, ulimla mtoto. Sasa unamla baba."

 Baadaye alisema kuwa akiondoka yeye atakaa mwingine, na huyo mwingine hatampa mzee hata salamu. Jambo baya ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Tangu siku ile nikawa napika sufuria mbili. Moja ya mshahara wangu, ambayo nilikula mimi. Nyingine ya karata, ambayo alikula yeye. Tulikaa meza moja, tukaombea chakula kwa pamoja. Upendo alipokuja likizo akauliza mbona siku hizi tunapika wali mara mbili. Nikamwambia baba yako...

 

Nikamwambia apakue.


7.

*Zablon:*

Usidhani sikujaribu. Nilihamia meza ya kwanza. Kule walikaa watu kama mimi, waliostaafu na waliostaafishwa, wote wanatupa, wote wanangoja. Tulitazamana mchana kutwa kama watu waliopanga foleni kwenye dirisha lililofungwa. Nikarudi.

Nilijaribu jambo la pili. Siku moja nilimsindikiza Mzee Swai hadi kwenye gari lake, nikamwambia kwa heshima kuwa huu si mchezo wake na kwamba angepumzika nyumbani. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema nyumbani kuna sebule, na sebuleni kuna picha ya mwanawe, na mbele ya picha mama mtu amekaa. Kanisani, ambako yeye ni mzee wa kanisa, wamempa kamati ya ujenzi ili asikae bure. Kila anapokwenda anaambiwa pole.

"Hapa kwenu hakuna anayenipa pole," akasema. "Mnachukua tu. Afadhali."

Alinishika bega, akaingia garini. Kesho yake aliketi palepale, na mimi mbele yake, na nikachukua.


8.

*Zamda:*

Mvua zilipoisha akaingia Kisioki, dalali wa mawe ya vito. Alikuwa ameuza jiwe moja kubwa Mererani, na tangu siku hiyo alikuwa hawezi kukaa kimya. Anaweka dau, anaongeza, anaongeza juu ya alivyoongeza. Alipenda kelele za vidonge vya plastiki, vile tunavyotumia mezani badala ya pesa, vikigongana. Huyo wala hakuwa mtu mbaya. Alinipa bahashishi hata alipoliwa.

Kwa hiyo sasa meza ilikuwa na wawili wasiotupa, mmoja kwa furaha na mmoja kwa msiba.

Na hapo ndipo kaka Zablon alipoanza kuisha.

Mtu wa nje angesema mbona ni neema, wajinga wawili badala ya mmoja. Mimi nagawa, nimeona. Ukiwa na mkono mzuri mbele ya mmoja asiyetupa, mara nyingi unashinda. Mbele ya wawili, ukimkwepa huyu unaangukia kwa yule. Nilimgawia Zablon malkia wawili, Kisioki akapata karata tano za alama moja, ambazo hushinda jozi. Nilimgawia wafalme wawili, Mzee Swai akapata saba tatu na hakujua kama amezipata wala kama ameshinda, nilimsogezea vidonge tu akavirudisha kwenye dau. Hakukosea hata mara moja. Nilikuwa naangalia mikono yake. Aliweka dau pale alipopaswa, alitupa pale alipopaswa, na kila siku aliingia na kidogo kuliko jana.

Alianza kuja na shati lilelile. Aliacha kunywa chai.


9.

KLABU YA KARATA JAKARANDA
TANGAZO

Kuanzia wiki ijayo kiwango cha chini cha kukaa meza ya pili kitapanda. Wanachama wasioweza kukidhi wanakaribishwa kuangalia mchezo kupitia kioo cha sebuleni, ambako vinywaji vinapatikana kwa bei nafuu.

Uongozi unawatakia burudani njema.


10.

*Zablon. Mchana wa Ijumaa ile.*

Nilikuwa na kilichobaki. Sikuacha kitu nyumbani, sikuacha kitu benki.

Zamda akagawa. Nikainua pembe za karata zangu kwa kidole gumba.

Ree ya shupaza.

Ree ya kopa.

Nilifanya kama nilivyokufundisha hapo juu. Niliweka dau kubwa mapema, dau la kufukuza watu. Watatu wa pembeni wakatupa. Kisioki akacheka akafuata. Mzee Swai akafuata, karata zake zimelala kifudifudi, hajazigusa.

Tulibaki watatu. Pazia.

Zikafunuliwa tatu za kwanza:

nane ya uru     tisa ya pau     nne ya pau

Hakuna kilichonipita, isipokuwa pau zile mbili, ambazo Kisioki alikuwa akizitazama kama anayetazama chakula. Niliweka dau tena, zito, ili anayetafuta pau ya tano alipie safari yake. Akalipia. Mzee akalipia.

mbili ya kopa

Karata isiyomsaidia mtu. Nikaweka tena. Wakalipia tena. Mbele yangu pakabaki kirundo kidogo, cha kumtosha mtu kurudi wiki ijayo akae meza ya kwanza, atupe, angoje. Mtu anaweza kuishi hivyo. Sisemi vizuri.

Moyo wangu ulikuwa umetulia, naomba uniamini. Nilikuwa mbele yao wote wawili. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Karata ya mwisho:

nane ya shupaza

Si pau. Kisioki akatukana kwa Kimaasai, akatupa.

Nane mbili mezani. Mwenye nane moja tu mkononi ana nane tatu, na jozi yangu haina kitu mbele ya tatu.

Mzee Swai aliweka mikono miwili nyuma ya vidonge vyake vyote akavisukuma katikati, polepole, kama mama anayekusanya makombo mezani baada ya wageni. Alifanya hivyo kila siku. Alifanya hivyo akiwa na kitu na akiwa hana, kwa sababu hakujua tofauti. Nilimtazama usoni. Nimekwambia usitazame, nami nikatazama. Palikuwa na mzee aliyenyoa vizuri.

Angekuwa mtu mwingine ningetupa. Mtu mwingine akisukuma zote baada ya nane ya pili, ana nane. Lakini huyu angesukuma hata kwa tiketi ya basi.

Tupa, nilijiambia. Meza imechafuka. Kunywa maji.

Lakini ni ree.

Tupa.

Lakini kila siku anasukuma hivi, na mara nyingi hana kitu.

Nikasukuma.


11.

*Zamda:*

Kaka Zablon akafunua ree zake mbili. Watu wakasogea. Mzee Swai hakufunua, hakuwa na mazoea ya kufunua, kwa kawaida alikuwa akipoteza akiwa anatazama dirisha. Nikamwomba ruhusa, nikazifunua mimi.

Tatu ya uru.

Nane ya kopa.

 Mzee alikuwa anatutazama sisi, si karata.

"Mzee," nikamwambia, "ni zako."

"Nini zangu?"

"Zote hizi. Umeshinda."

Alizitazama kwa muda. Akauliza kama ndiyo hivi. Nikamwambia ndiyo hivi, mzee. Akauliza kama hakuna kingine kinachofuata. Nikasema hakuna, nasubiri wewe uzivute nigawe tena. Hapo sauti yake ikashuka, akaniuliza mwanawe alikuwa anafanyaje akishinda.

Ningemwambia uongo ningekuwa nimetusaidia wote. Nilimwambia ukweli. Nilisema Ombeni akishinda, ilikuwa mara chache, alisimama akapiga makofi, halafu akazunguka meza akamkumbatia aliyeshindwa.

Mzee Swai akasimama.

Akapiga makofi. Mara chache, polepole, mikono mikavu. 

Kisha akazunguka meza.


12.

*Zablon:*

Koti lake lilikuwa linanuka naftalini, dawa ya nondo ya kabatini. Alinikumbatia kwa nguvu ambazo sikumdhania, na alikaa hivyo, kidevu chake juu ya bega langu. Nilikuwa nimefilisika dakika ileile. Mikono yangu sikujua niiweke wapi. Mwishowe niliiweka mgongoni kwake, kwa kuwa ndipo mikono inapowekwa.


13.

*Bado Zablon. Nje.*

Sikuweza kwenda nyumbani. Nilikaa kwenye ngazi za maegesho, juani, nikatazama watu wanavyoosha magari. Nilikuwa natafuta kosa. Nilirudia karata zote tangu ya kwanza na niliona moja tu, la mwisho, na hata hilo ningelirudia kesho.

Mzee Swai akatoka. Mkononi ana bahasha ya pesa kutoka kaunta na pakiti mpya ya karata. Akakaa karibu yangu, kwenye ngazi ile ile, na suti yake. Bahasha akaiweka katikati yetu.

Alisema amekaa kwenye kiti kile tangu masika. Alidhani akifanya alivyofanya mwanawe ataona alichokuwa anakiona. Leo ameshinda kama yeye, amepiga makofi kama yeye, amekumbatia mtu kama yeye. Hakuona kitu. Labda, akasema, ni kwa sababu haelewi.

"Bwana Nnko, nifundishe. Nianze mwanzo, kama mtoto."

Bahasha ile ilikuwa ya nani, hakusema. Mimi sikuigusa. Yeye hakuigusa.

Nilifungua pakiti. Nikazipanga kwenye ngazi: hii ni ree, huyu mfalme, huyu malkia, huyu jeki. Jozi ni mbili za kufanana. Tatu zinashinda jozi. Alirudia kila jina kwa mdomo, bila sauti. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na nikaona kuwa akijifunza kidogo tu atakuwa mtu wa kutupa na kungoja, kama sisi.

Akauliza, macho yake kwenye karata:

"Ombeni alikuwa anaweza?"

Upepo ukataka kumchukua malkia wa uru. Nikamgandamiza kwa kidole.

"Hapana, mzee. Alikuwa hawezi kabisa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kitu alichokuwa anakijua.

"Sasa mbona kila siku mlikuwa mnakaa naye?"

Nilifungua mdomo.


14.

*Haika:*

Nilitoka zamu mapema siku ile. Sijui niliamka na nini, ila niliamua niende Jakaranda, mahali ambapo sijawahi kukanyaga, nimwambie mume wangu turudi kwenye sufuria moja, hata kama ni ya maharage matupu. Nilikuwa bado na sare ya kazi.

Nilipovuka barabara niliwaona. Zablon amekaa kwenye ngazi na yule mzee, nje, peke yao. Karata zimepangwa kati yao. Bahasha ya pesa iko kati yao. Mume wangu ameinama mbele, kidole kwenye karata, mdomo wazi, kama mtu anayemshawishi mwenzake.

Nikasema moyoni, hata nje. Hata nje ameshindwa kumwacha.

Nikasimama. Nilitaka kugeuka nirudi, na miguu ilikuwa imeshaanza kugeuka.

Mzee akainua macho akaniona. Mimi, na sare yangu nyeupe, natoka upande wa jua. Sidhani alinitambua kwa jina, wala kwa sura. Lakini alisimama. Karata zilizobaki mapajani mwake zikaanguka, zikashuka ngazi kwa ngazi. Alisimama kama wanavyosimama ndugu wote wa wagonjwa pale kwenye benchi la nje ya wodi ninapofungua mlango, akanitazama, na akaanza kufunga vifungo vya koti lake, kimoja baada ya kingine, akingoja nimwambie habari za mwanawe.